Maji hupita baina ya mbao: jibu kwa mwalimu wa Chake Chake kuhusu mradi wa fani nne

*Swali: Shikamoo Bi Mhandisi. Mimi ni mwalimu kijana katika chuo kimoja cha ufundi hapa Pemba. Muhula ujao nimekabidhiwa wanafunzi 36 wa mwaka wa kwanza: ujenzi 13, umeme 11, kompyuta 8 na mitambo 4. Mkuu wangu anataka wafanye mradi wa pamoja badala ya kila fani kujifungia darasani mwake. Mwaka jana tulijaribu tukaaibika: ripoti nzuri, kifaa hakikufanya kazi, na wawili watatu ndio waliobeba mzigo wa wote. Na watoto wenyewe hata hesabu za mwanzo hawajamaliza. Je, si mapema mno? Kama si mapema, niwape mradi gani, niwagawe vipi, na alama niziweke vipi? Maalim, Chake Chake.*

Marahaba Maalim. Katika swali lako kuna maneno niliyoyarudia mara tatu: "ripoti nzuri, kifaa hakikufanya kazi." Ripoti hugawika. Unaikata sura nne, kila mmoja anakwenda kwao na sura yake, usiku wa mwisho mmoja anazibandika na kutia jalada, na asubuhi inasomeka kama kitu kimoja. Kifaa hakikubali mchezo huo. Ukikikata vipande vinne na kuvikutanisha usiku wa mwisho, asubuhi unakuwa na vipande vinne juu ya meza.

Mimi nimekulia Nungwi, pwani wanakounda majahazi. Nilikuwa natumwa kupeleka chai, na kwa kuwa sikuwa na haraka ya kurudi nyumbani kuosha vyombo, nilikaa nikitazama. Mzee aliyenivutia hakuwa yule wa msumeno wala wa shoka. Alikuwa mtu wa kalafati, anayekaa chini ya chombo na chembeu na nyundo yake, akipigilia pamba yenye mafuta kwenye kila mshono. Ubao mzuri hauvuji. Maji huingia baina ya ubao na ubao. Mwaka jana, Maalim, ulikuwa na mbao nne nzuri na hukuwa na kalafati, na nina hakika ukikumbuka vizuri utaona kila kilichoharibika kiliharibikia pale kazi ya fani moja ilipogusana na kazi ya nyingine.

Kwa hiyo karibu kila nitakalokwambia hapa linahusu mshono. Chagua mradi ambao mshono haukwepeki, uwalazimishe kuushona mapema, na alama uziweke kwenye mshono zaidi kuliko kwenye mbao.

Kwanza hofu yako ya umapema. Chuo Kikuu cha Aalborg, Denmark, tangu kilipoanzishwa mwaka 1974 kinawaweka wanafunzi kwenye miradi ya makundi kuanzia mwaka wa kwanza. Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, tangu 1995 kina utaratibu wa kuwachanganya wanafunzi wa fani na miaka tofauti, wakiwemo wa mwaka wa kwanza, watengeneze vitu vinavyohitajiwa na jamii iliyo jirani nao. Hakuna aliyesubiri hesabu ziishe. Nami nadhani kuchelewa ndiko kubaya. Mwanafunzi wa mwaka wa nne keshapata kiburi cha fani yake. Keshajua kuwaita wenzake "watu wa zege" na kuitwa "watu wa nyaya". Wa mwaka wa kwanza bado hana pa kujificha. Akiulizwa neno hajui, atasema hajui, na hapo mwenzake analazimika kulieleza kwa Kiswahili cha nyumbani. Hesabu utakazozihitaji ni eneo, uzito, kuzidisha na kugawanya. Nitakuonyesha.

Kama mkuu wako atataka sababu kubwa zaidi ya hiyo, mkumbushe kebo. Desemba 2009 umeme wa Unguja ulizimika, kebo ya chini ya bahari iliyokuwa ikiuleta kutoka Bara hadi Fumba ikiwa imeshindwa, na haukurudi mpaka Machi 2010. Nilikuwepo. Jambo lililonifunza halikuwa giza. Mabomba yalikauka, kwa sababu pampu za maji zinaendeshwa kwa umeme. Madaftari ya chuoni yalikuwa yanatuonyesha umeme ni somo moja na maji ni somo jingine, na mji mzima ukawa unapanga madumu foleni mahali masomo hayo mawili yanapoungana.

Sasa mradi. Kipimo changu ni hiki: kama fani moja inaweza kuumaliza ikiamua, usiuchukue. "Tengenezeni taa ya jua ya kusomea" ni mradi wa umeme, wengine watashika tochi. "Tengenezeni app ya chuo" ni wa kompyuta, wengine watachagua rangi. Tangi la maji la skuli lenye pampu na kionyeshi cha kina ni bora kidogo. Kichanja cha kukaushia dagaa au mwani pia kinafaa. Lakini wewe uko Pemba na muhula wako unaanza karibu na wakati karafuu ziko majamvini na vuli iko njiani, sioni kwa nini uende mbali.

Tatizo unalijua lakini niliandike, maana wapo wa nje watakaosoma. Karafuu mbichi huchumwa, huchambuliwa kutoka kwenye makonyo yake, kisha huanikwa juani siku kadhaa, jamvini au kwenye sakafu ya saruji. Kilo tatu mbichi hutoa takriban kilo moja kavu. Zikinyeshewa, au zikirundikwa bado zina maji, huchacha, hupauka, na daraja hushuka pale zinapouzwa. Kwa hiyo mchezo wote ni kuanika na kuanua, kuanika na kuanua, mtu jicho juu. Swali la mradi liwe sentensi moja tu: *mtu mmoja aweze kuzikinga karafuu za uwanja mmoja na mvua ndani ya dakika moja, na kuzifunua tena.* Usiongeze neno. Usiseme mota, usiseme jua, usiseme simu. Ukishasema mota utaletewa mota.

Niliwahi kulisimamia swali hili hili, makundi sita, miaka ya nyuma, na makundi mawili kati yao yamenikaa kichwani.

Kundi la kwanza lilikuwa la wanafunzi wazuri sana. Wa ujenzi wakachora fremu ya mbao, mita 4 kwa 6, bapa kama meza, kwa sababu kitu bapa ni rahisi kuchora. Wa mitambo akapewa neno moja: "vuta turubai". Akapima. Turubai la plastiki la aina waliyonunua lina gramu 200 hivi kwa mita ya mraba. Eneo ni mita za mraba 24. Uzito haufiki kilo 5. Akaenda gereji akapata mota ya waipa ya gari bovu, volti 12, akaifunga kwenye ngoma ndogo ya kamba. Wakaijaribu darasani, ikavuta kwa raha. Makofi.

Siku ya kuonyesha tukamwagia maji juu, kama mvua. Mota ikanguruma, kamba ikakaza, turubai halikutikisika.

Nikawaambia wakae chini pale pale, wahesabu. Maji ya unene wa milimita moja juu ya mita za mraba 24 ni lita ngapi? Ni lita 24. Yaani kilo 24, mara tano ya turubai lenyewe. Na pale hapakuwa na milimita moja, maana kitu bapa kikishika maji hufanya tumbo, na tumbo huita maji zaidi. Aliyekosea nani? Wa mitambo alihesabu sawasawa uzito alioambiwa. Wa ujenzi alichora fremu imara, ingeweza kubebea watu. Hakuna ubao uliovuja. Kilichokosekana ni mmoja kumuuliza mwenzake: "Turubai lako likiwa na maji litakuwa na uzito gani?" na mwingine kujibu: "Nikiinua upande mmoja kidogo, hayatakaa." Mwinamo wa fremu ni kazi ya ujenzi, lakini faida yake anaipata mtu wa mota. Hapo ndipo utakapowaona wanaanza kuelewa kwa nini wamewekwa meza moja.

Mshono wa pili wa kundi hilo ulikuwa wa umeme na kompyuta, na ni mtamu zaidi kwa sababu hakuna aliyeutarajia. Wa umeme waliniomba paneli kubwa ya jua, "kwa sababu mota inakula". Nikasema twende kwenye karatasi. Mota inachukua ampea 5 kwa volti 12, ni wati 60. Ikifanya kazi dakika moja ni wati-saa 1. Mvua tatu kwa siku, kufunika na kufunua, ni wati-saa 6. Betri ya pikipiki ya volti 12 na ampea-saa 7 ina wati-saa 84 kwa maandishi. Kumbe mota si mlaji. Halafu nikamuuliza wa kompyuta: bodi yako ya kielektroniki yenye kihisi cha mvua inakunywa umeme kiasi gani ikiwa imekaa tu? Akapima: miliampea 50. Kidogo, akasema. Kwa volti 12 hiyo ni wati 0.6, lakini mchana na usiku, saa 24, ni zaidi ya wati-saa 14. Kisichotembea kilikuwa kinakula zaidi ya maradufu ya kinachotembea, na betri isingemaliza wiki. Dawa haikuwa paneli. Dawa ilikuwa mistari michache ya programu ya kuilaza bodi iamke mara moja moja. Tatizo la betri likamalizwa na mtu asiyegusa betri.

Na upepo. Huu usiwaache waugundue wenyewe, utaumiza mtu. Upepo wa mita 10 kwa sekunde ukikipiga kitu uso kwa uso hukisukuma kwa takriban newton 60 kwa kila mita ya mraba. Turubai zima la mita za mraba 24 likisimama mbele yake ni newton 1,440, kama uzito wa magunia matatu ya mchele ya kilo 50. Upepo ukiongezeka mara mbili, nguvu inakuwa mara nne. Ukiwa na mwanafunzi mmoja wa Kojani, kisiwa cha wavuvi, katika kundi humwelezi kitu, yeye anajua turubai lililoinuliwa ni tanga. Mwachie aeleze wenzake.

Kundi la pili halikuwa na wanafunzi hodari hivyo. Walichofanya, walikwenda. Nilikuwa nimeamuru wiki mbili za mwanzo asiguse mtu penseli ya kuchorea. Waende uwanjani, waangalie, waulize. Makundi mengine yalikwenda mara moja yakapiga picha. Hawa walikwenda mara nne kwa bibi mmoja nje kidogo ya Wete, mpaka akawazoea akawapa kazi ya kuchambua. Siku ya nne wakamwambia habari ya kihisi kitakachopiga king'ora mvua ikikaribia. Bibi akacheka. "Wanangu, mvua mimi naiona inatoka baharini kabla hamjaisikia. Mimi sikosi habari, nakosa mikono."

Maneno yale yaliufuta nusu ya mradi wao, na yakaujenga. King'ora kikaondoka. Mota ikaondoka pia, baada ya mabishano makali, maana wa umeme alihisi amefukuzwa kazi. Wakabaki na fremu yenye mwinamo, waya wa kukaza pande mbili, na kapi mbili zilizopangwa kama henza na gofia ya chombo, yaani kamba na kapi ya kupandishia tanga, bibi anavuta kamba moja amesimama mlangoni jikoni. Sekunde 40. Nikawauliza wa umeme na kompyuta: nyinyi je? Nikawarudisha kwa bibi. Wakagundua kuwa swali linalomsumbua kila jioni ni kama karafuu zimekauka kiasi cha kutia guniani, kwani mwenye haraka hutia mapema, na zikishatiwa zina maji ndiyo zinachacha. Wakatengeneza sinia dogo juu ya mzani wa elektroniki: unaweka kilo moja mbichi siku ya kwanza, unaianika pamoja na zenzake, na kila jioni linaonyesha imebaki gramu ngapi. Ikikaribia theluthi, umefika. Bibi aliendelea kuvunja karafuu kwa vidole akisikiliza inavyolia, kama alivyofanya maisha yake yote, na akawa anashindana na sinia. Mara nyingi alishinda yeye. Sikuona ubaya.

Kundi hilo lilipata alama za juu kuliko lile la mota, na kulikuwa na manung'uniko.

Sasa chombo cha kushonea. Ni karatasi moja tu, nimeiita karatasi ya viungo. Mara ya kwanza nilipolitaja jina hilo darasa zima liliniuliza kama tunapika pilau, na nadhani ndiyo sababu halijasahaulika. Kila palipo na mgusano wa kazi mbili panaandikwa mstari: nini kinapita hapo (uzito, urefu, volti, taarifa), kiasi gani, kwa kipimo gani, nani anakitoa, nani anakipokea, na sahihi za wote wawili. Kinachoandikwa ni namba. "Turubai" si mstari. "Turubai likiwa limelowa, kilo 12, fremu ikiwa na mwinamo wa sentimita 60, anatoa wa ujenzi, anapokea wa mitambo" ni mstari. Namba ikibadilika, wote wawili wanasaini upya. Viwandani watu wazima hufanya hivyo hivyo, karatasi zao tu ndizo ndefu.

Sisitiza kipimo. Wanafunzi wetu wanaishi katika fujo ya vipimo bila kuiona: mabati na turubai hununuliwa kwa futi, bomba kwa inchi, mbao ni mbili kwa nne, nondo ni milimita, na daftari la darasani ni mita. Mwaka 1999 chombo cha Marekani kilichotumwa kwenye sayari ya Mars kilipotea kilipofika, kwa sababu programu ya upande mmoja ilitoa namba za msukumo kwa vipimo vya pauni na upande wa pili ukazisoma kama newton. Wote wawili walikuwa wataalamu, na kila mmoja kwake alikuwa sahihi. Kiungo chao hakikuwa na mstari uliosomwa vizuri. Wasimulie hiyo siku mtoto atakapokuletea fremu ya futi 4 kwa turubai la mita 4. Atakuletea.

Pamoja na karatasi, wiki ya nne dai kitu kizima. Kibaya, cha maboksi na uzi na vijiti, lakini vipande vyote viwe vimeshikana na viweze kuvutwa. Huu ndio mtihani wao wa kwanza na usiuahirishe hata kama wanalia. Kosa likionekana wiki ya nne ni boksi limepotea. Wiki ya kumi na tatu ni muhula.

Kuwagawa. Kwa kuwa mitambo wako wanne tu, utashawishika kuunda makundi manne ya watu tisa tisa. Usithubutu. Mhandisi mmoja wa kilimo wa Ufaransa, Maximilien Ringelmann, alichapisha mwaka 1913 majaribio yake ya kuvuta kamba: watu wanane wakivuta pamoja, kila mmoja alitoa takriban nusu tu ya nguvu aliyokuwa akiitoa peke yake. Sehemu ni kutopatana mdundo, ndiyo maana wetu wakishua jahazi huimba, na sehemu ni kwamba katika kundi kubwa mtu anaweza kushika kamba bila kuivuta na asijulikane. Hao ndio "wawili watatu" wako wa mwaka jana.

Fanya makundi manane, manne ya watu watano na manne ya watu wanne. Kila kundi lina mtu mmoja wa kompyuta, wanatosha. Ujenzi na umeme uwagawe. Wa mitambo wakae kwenye makundi ya watano, na kila mmoja awe na saa moja kwa wiki ya kulishauri kundi jirani lisilo na mtu wa fani yake. Hata kazini mtaalamu adimu huzunguka. Usiwaache wachague wenyewe. Watakaa kwa urafiki na kwa mtaa. Lakini kabla ya kuwapanga, kusanya saa zao: nani anatoka Micheweni na gari yake ya mwisho ni saa ngapi, nani lazima awe nyumbani kabla ya magharibi. Kundi lisilo na saa ya pamoja limekufa kabla ya kuzaliwa.

Na wasichana. Usimpeleke mmoja mmoja kila kundi ukidhani umetenda haki. Waweke wawili wawili hata kama makundi mengine yatabaki bila. Mimi nilikuwa peke yangu kundini, nikafanywa katibu siku ya kwanza kwa sababu "mwandiko wako mzuri", na mwaka mzima sikushika spana. Nilijifunza kufungua nati nikiwa kazini, mbele ya vibarua, wakicheka. Kila wiki mbili ukatibu uhame, na hilo liwe sheria yako, si ombi la msichana.

Alama ndiyo sehemu ngumu, kwa sababu ya muhali. Vitabu vya wenzetu vinashauri wanafunzi wapimane kwa siri. Nimejaribu. Kila mmoja alimpa kila mmoja kumi juu ya kumi, akiwemo yule ambaye hata sura yake sikuwa naijua. Nani atamwandika vibaya mwenzake ambaye mama zao ni marafiki? Kwa hiyo nikaacha kuuliza "nani hakufanya kazi". Siku hizi nauliza kitu kisichohitaji ujasiri: *wiki hii ulipokea nini, kutoka kwa nani, siku gani?* Kila mtu, mistari miwili, Alhamisi. Baada ya wiki sita unazisoma zote pamoja, na mtu ambaye jina lake halitajwi na yeyote anajionyesha mwenyewe, bila aliyemshitaki.

Mgawanyo wangu ni huu, urekebishe utakavyo. Thelathini kati ya mia kwa kifaa kufanya kazi kwenye uwanja wa mtu, kikimwagiwa maji halisi. Thelathini kwa karatasi ya viungo na kitu kizima cha wiki ya nne. Arobaini kwa mahojiano ya mtu mmoja mmoja, dakika kumi, ambapo humuulizi mtu fani yake hata kidogo. Wa umeme unamuuliza kwa nini fremu imeinama kiasi kile. Wa ujenzi unamuuliza betri itakaa siku ngapi na kwa nini. Watangazie swali hilo tangu siku ya kwanza. Utaona usiku wa kuamkia mahojiano wanavyofundishana, na kwa dhati, kwa sababu kila mmoja ana haja na mwenzake. Ripoti? Kurasa nne, wafaulu au wasifaulu, bila alama.

Mambo madogo. Umeme usizidi volti 12 mwaka wa kwanza, wala asijitokeze mtu na waya wa ukutani uwanjani penye maji. Hapo sina mjadala. Bajeti iwe ndogo na sawa kwa wote, na mwenye mjomba tajiri asiruhusiwe kuongeza. Mafundi wa mtaani waruhusiwe kuchomelea na kuranda, lakini mwanafunzi aende na mchoro, asimame pale, na arudi na jambo moja ambalo fundi amemsahihisha. Mara nyingi jambo hilo moja ndilo zuri kuliko yote kwenye karatasi yao.

Kitu kimoja cha kufanya wiki hii, kabla hujapata hata orodha ya majina: tafuta viwanja viwili vitatu vya kuanikia vilivyo karibu na njia ya gari, ukaombe ruhusa wewe mwenyewe, mapema, kabla wenyewe hawajatingwa na uchumaji. Waambie vijana watakuja, watauliza sana, watakaa njiani, na kwamba wakichoka nao wawafukuze. Usiende mikono mitupu. Kilo mbili za sukari zinatosha.